Ukurasa wa Bwana Shamba: Mtoto Akidhurika na Kamba, Je, Damu Ipimwe?



Barua zenu za mwezi huu ni nyingi. Wengi mnauliza juu ya viwavi wa mahindi na dawa ya mikorosho. Nitazijibu kwa zamu. Lakini barua moja haiwezi kungoja, kwa sababu inahusu uhai wa mtoto. Imeandikwa na mama mmoja anayekaa katika delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Someni barua yake kwanza.

BARUA YA MAMA

"Bwana Shamba, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Kazi yangu ni kununua kamba kwa wavuvi, kuwachemsha, kuwaanika na kuwauza. Kazi hii ndiyo inayonipa sare na madaftari ya watoto.

Mwanangu wa tatu ana miaka 9. Mwaka jana alikula kamba wa nazi. Kabla hatujanawa mikono alianza kujikuna midomo. Midomo ikavimba. Mwili ukatoka mabaka. Akatapika. Tulidhani ni tumbo tu. Miezi mitatu baadaye alikula kwa bibi yake kisamvu kilichotiwa uduvi. Safari hii kifua kilimbana. Alipumua kwa sauti kama ya filimbi. Tulimkimbiza zahanati, akachomwa sindano, akapona.

Mama mkwe wangu anasema huo ni mwiko wa ukoo. Jirani anasema ni pepo wa baharini. Sasa gulioni amekuja mtu mwenye kimashine. Anasema kwa tone moja la damu atatutajia vyakula vyote ambavyo mtoto asile. Bei yake ni sawa na ndoo mbili za kamba wakavu. Mimi kwa hofu nimeshamkataza mtoto samaki, mayai na maziwa. Amepungua mwili. Je, nimpeleke akapimwe damu? Na je, niache biashara ya kamba?"

Mama, asante kwa barua yako. Umeuliza maswali mawili, na yote ni ya maana. Mimi ni mtu wa mazao na mifugo. Sikusomea uganga. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilikwenda kuwauliza matabibu, nikasoma pia. Haya ndiyo niliyoyapata.

MZIO NI NINI?

Ugonjwa wa mtoto huyu una dalili zote za mzio. Wengine huuita aleji. Mzio si pepo. Mzio si sumu pia. Kamba aliyemdhuru mtoto hakuwa ameoza. Watu wengine waliokula chungu kile kile hawakupata lolote.

Tufikirie kijiji chenye mgambo. Kazi ya mgambo ni kulinda. Usiku akimwona mwizi hupiga filimbi, na watu hutoka na marungu. Hiyo ni kazi njema. Lakini siku moja mgambo anamwona mgeni wa heri, aliyekuja kumsalimia shangazi yake. Mgambo anamdhania mwizi. Anapiga filimbi. Watu wanatoka mbio, wanavunja milango, wanakanyaga bustani. Mgeni hakuiba kitu. Hasara yote imeletwa na walinzi wenyewe.

Ndivyo ulivyo mzio. Mwili una walinzi wake. Walinzi hao huitwa kingamwili. Husaidia kupigana na magonjwa. Kwa watu wachache, walinzi hao humdhania kamba kuwa ni adui. Mtu akila kamba, walinzi hupiga kelele. Mwili humwaga dawa zake kali zote kwa mara moja. Ngozi huwasha na kutoka mabaka. Midomo, macho na ulimi huvimba. Tumbo husokota. Kifua hubana. Ikizidi, damu hupungua nguvu ya kusukuma, mtu huanguka, na anaweza kufa.

Kitu kinachowachokoza walinzi hao zaidi kimo katika nyama ya kamba. Ni aina ya protini inayoitwa tropomayosini. Jambo la kukumbuka ni hili: moto hauiharibu. Wapo wanaosema kamba akiiva sana hana madhara. Hiyo si kweli kwa mwenye mzio. Kamba wa kuchemsha, wa kukaanga, wa kukausha juani, wote ni wale wale. Uduvi uliosagwa na kutiwa katika mboga ni ule ule.

NDUGU ZAKE KAMBA

Kamba ana ndugu. Kaa ni ndugu yake. Kambakoche ni ndugu yake. Uduvi ni ndugu yake. Wote hawa wana magamba magumu na miguu mingi. Mtu anayedhurika na kamba mara nyingi hudhurika na hawa wengine pia. Kwa hiyo yafaa awaache wote mpaka daktari atakaposema vingine.

Liko kundi la pili la viumbe wa baharini. Humo wamo chaza, kome, pweza na ngisi. Hawa ni wa mbali kidogo. Baadhi ya watu wenye mzio wa kamba huwala bila shida, na baadhi hudhurika. Usijaribu nyumbani. Muulize daktari kwanza.

Samaki je? Changu, kibua, papa, dagaa, hawa si ndugu za kamba. Kinachowadhuru wenye mzio wa samaki ni protini nyingine kabisa. Mtoto mwenye mzio wa kamba anaweza kula samaki, ikiwa samaki hajawahi kumdhuru. Mayai na maziwa hayahusiani na kamba hata kidogo.

Ndugu wa Kagera na wale wanaokula wadudu nao wasikilize. Senene, panzi na nyenje wana protini inayofanana na ile ya kamba. Wataalamu wanaonya kwamba mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika na wadudu hao pia.

Tena wapo wanaosema mzio wa kamba unatokana na madini joto, kwa hiyo mgonjwa aache chumvi yenye madini joto. Hilo ni kosa. Mzio unatokana na nyama ya kamba. Chumvi yenye madini joto iendelee kutumika nyumbani, kwani huzuia rovu na huwasaidia watoto wakue na akili timamu.

SIRI ILIYO KATIKA DAMU

Sasa tuje kwenye damu. Watu walijuaje kwamba mzio unaweza kuonekana katika damu?

Mwaka 1921 walikuwako madaktari wawili huko Ujerumani. Mmoja aliitwa Heinz Küstner. Yeye alikuwa akila samaki aliyepikwa anadhurika. Mwenzake aliitwa Carl Prausnitz. Huyu alikuwa hadhuriki na samaki. Wakachukua damu ya Küstner, wakatenga maji yake. Prausnitz akachomwa maji hayo kidogo chini ya ngozi yake mwenyewe. Siku iliyofuata, mahali pale pale pakachomwa maji ya samaki. Ngozi ikavimba na kuwasha! Mahali pengine pa mwili wake hapakuvimba. Basi wakajua kwamba katika damu ya mtu mwenye mzio mna kitu kinacholeta mzio, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa.

Leo hakuna ruhusa ya kufanya jaribio kama hilo. Damu ya mtu inaweza kuleta Ukimwi na homa ya ini kwa mwingine. Nawaeleza ili mjue elimu hii ilivyoanza.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukijua kitu hicho ni nini. Katika miaka ya 1966 na 1967 kilitambuliwa na makundi mawili ya wataalamu. Kundi la kwanza lilikuwa Marekani. Walikuwa mume na mke kutoka Japani, Kimishige Ishizaka na Teruko Ishizaka. Kundi la pili lilikuwa Uswidi, nao walikuwa Gunnar Johansson na Hans Bennich. Mwaka 1968 kitu hicho kilipewa jina la IgE. Ni mmoja wa wale walinzi wa mwili niliowataja. Huyu ndiye mgambo anayepiga filimbi ovyo.

DAMU HUPIMWAJE?

Mgonjwa huchomwa sindano mkononi, kwenye mshipa. Hutolewa damu kidogo tu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hahitaji kufunga kula. Hata kama anatumia vidonge vya kuzuia kuwasha, kipimo hiki hakiharibiki.

Damu hupelekwa maabara. Huko hutengwa maji ya damu. Maji hayo huwekwa juu ya kitu kilichopakwa protini ya kamba. Kama damu ina walinzi wanaomchukia kamba, walinzi hao hunasa pale. Kisha mahali pale huoshwa. Walinzi wengine wote huondoka na maji. Wale wanaomchukia kamba hubaki. Mwisho hutiwa dawa ya alama, na mashine huhesabu waliobaki. Jibu hutoka kwa namba. Kwa miaka mingi maabara zimehesabu namba inayofika 0.35 au kuzidi kuwa ni dalili kwamba walinzi hao wapo.

Kipimo hiki hakifanyiki katika zahanati ya kijiji. Hufanyika katika maabara kubwa za mijini. Tabibu wa zahanati au wa kituo cha afya ndiye atakayekuandikia barua ya kwenda mbele.

Kiko pia kipimo cha ngozi. Mtaalamu huweka tone la maji ya kamba juu ya mkono, kisha huchoma ngozi kidogo sana. Baada ya dakika 15 hivi hutazama kama pamevimba. Kipimo hiki hakitaki mashine kubwa, lakini kinataka mtaalamu na dawa ya dharura karibu. Mgonjwa anapaswa kuacha vidonge vya kuzuia kuwasha siku kadhaa kabla, kama atakavyoelekezwa.

NAMBA PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa naomba msome polepole. Ndipo watu wengi wanapokosea.

Mkulima anaweza kuniletea udongo katika mfuko. Nikiupima naweza kumwambia kama una chumvi au tindikali nyingi. Lakini lazima nimwulize: Umetoka shamba gani? Mwaka jana ulipanda nini? Mazao yalikuwaje? Bila habari hizo, kipimo changu kinaweza kumpotosha. Damu nayo ni vivyo hivyo.

Kwanza, mtu anaweza kuwa na walinzi hao katika damu, na bado akala kamba bila kudhurika. Kwa nini? Kwa sababu mende ana protini inayofanana na ya kamba. Wadudu wadogo sana wanaokaa katika vumbi la magodoro nao wanayo. Hata baadhi ya minyoo ya tumboni wanayo inayofanana. Ni kama watu kadhaa waliovaa shati la rangi moja. Mgambo aliyezoea kumfukuza mende humwona kamba, huona shati lile lile, na hupiga kelele. Kwa hiyo damu inaweza kusema "ndiyo", wakati mtu huyo anakula kamba kila wiki na hana shida. Mtu kama huyo hana mzio wa kamba. Asikatazwe chakula chake.

Pili, minyoo huongeza IgE yote katika damu. Vijijini kwetu minyoo bado ni mingi. Kwa hiyo mtu akipimwa IgE ya jumla tu, na namba ikawa kubwa, isisemwe kwamba ana mzio wa chakula. Huenda ni minyoo.

Tatu, namba kubwa haina maana kwamba mtu atadhurika vibaya zaidi. Namba kubwa inaonyesha kwamba huenda mzio upo kweli. Haionyeshi ukali wake. Mtu mwenye namba ndogo anaweza kuanguka, na mwenye namba kubwa akapata mabaka tu.

Nne, damu inaweza kusema "hapana", na mtu bado ana mzio. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Kama mtoto amevimba mara mbili kwa kula kamba, karatasi ya maabara inayosema "hapana" isiwafanye mumrudishie kamba kesho yake. Mrudisheni kwa daktari.

Basi njia iliyo bora ni ipi? Ni habari ya mgonjwa na kipimo kwenda pamoja. Habari hutangulia. Kipimo hufuata. Vikipingana, daktari katika hospitali kubwa anaweza kumlisha mgonjwa kamba kidogo kidogo, huku akimwangalia na dawa zikiwa tayari. Hicho ndicho kipimo cha uhakika kuliko vyote. Lakini hufanyika hospitali tu. Kumlisha mtoto nyumbani "ili tuone" ni kumtia hatarini.

HUYO MTU WA GULIONI

Mama, weka fedha yako. Usimpe mtu huyo.

Hakuna kipimo cha damu cha kweli kinachoweza kutaja vyakula vyote asivyopaswa kula mtu, bila kwanza kumwuliza amekula nini na amepatwa na nini. Vingi vya vipimo vinavyouzwa hivyo hutafuta mlinzi mwingine, aitwaye IgG. Huyu hutokea kwa watu wazima wenye afya pia. Anaonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho. Ukila mahindi kila siku, atakwambia mahindi ni adui yako! Vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimekwisha kusema kwamba kipimo cha IgG kisitumiwe kutafuta mzio wa chakula.

Matokeo yake ni nini? Mama hukabidhiwa karatasi ndefu. Mtoto hukatazwa maharage, mayai, maziwa, ndizi na samaki. Mtoto hukonda. Fedha ya kamba imekwenda, na afya imekwenda.

SI KILA KUWASHWA NI MZIO

Wengine huwashwa kwa sababu nyingine. Samaki kama jodari na kibua wakiachwa juani bila barafu huanza kuharibika. Ndani yao hutokea kitu kinachowasha. Mtu akiwala, uso huwa mwekundu, mwili huwasha, kichwa huuma. Hali hiyo hufanana na mzio, na kuwapika samaki hao hakuondoi kitu hicho.

Utatofautisha vipi? Uliza nani waliokula. Kama watu kadhaa waliokula samaki yule wamewashwa pamoja, mshuku samaki. Kama mmoja tu amedhurika, na hudhurika kila anapokula chakula kile kile, shuku mzio.

Habari hizo ziandikeni. Nyinyi sasa mnajua kusoma na kuandika, kwa hiyo tumieni elimu yenu. Katika daftari andikeni mambo haya:

1. Alikula nini, na kilipikwa na nini.
2. Alikula kiasi gani.
3. Dalili zilianza baada ya muda gani. Mzio wa kamba kwa kawaida huanza kati ya dakika chache na saa 2.
4. Alionyesha dalili gani, na zilikwisha lini.
5. Nani wengine walikula, nao walikuwaje.
6. Alipewa dawa gani.

Ukurasa huo mmoja utamsaidia daktari kuliko kimashine cha gulioni. Nao hauna bei.

HATARI IKIJA, FANYA HIVI

Dalili ya mvua ni mawingu. Mabaka na kuwashwa midomo ni mawingu. Lakini yafuatayo ni mvua yenyewe: kupumua kwa shida, sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, kizunguzungu, kulegea au kuzirai. Ukiona hayo usingoje.

Mlaze mgonjwa chali na umwinue miguu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae, lakini asisimame wala asitembezwe. Kama amezirai, mlaze ubavu. Mbebeni. Usimpe maziwa, majivu, wala mafuta. Mpelekeni zahanati upesi.

Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini. Mhudumu wa afya huichoma katika msuli wa paja, upande wa nje. Kama hali haijatulia, anaweza kuirudia baada ya dakika 5. Vidonge vya kuzuia kuwasha hutuliza ngozi tu. Havifungui koo wala havirudishi nguvu ya damu. Visichukue nafasi ya sindano.

Mgonjwa akipata nafuu asirudi nyumbani haraka. Mzio unaweza kurudi mara ya pili baada ya saa chache. Akae pale pale aangaliwe.

Najua shida ya watu wa delta. Njia zenu ni mito. Maji yakitoka, ngalawa hukaa kwenye matope. Kwa hiyo msingoje siku ya hatari ndipo mtafute chombo. Iulizeni zahanati leo: Je, adrenalini ipo? Tarehe yake haijapita? Kama haipo, jambo hili lipelekwe katika mkutano wa kijiji, nao viongozi waliandikie ombi wilayani. Kubalianeni pia ni chombo cha nani kitakachotumika maji yakiwa yametoka, na nani atakayekiendesha usiku.

MAMA, HAYA NDIYO MAJIBU YAKO

Swali lako la kwanza: Mtoto apimwe damu? Ndiyo, kama daktari ataagiza. Lakini usingoje kipimo ndipo uanze kumlinda. Habari uliyoiandika inatosha kuanzia. Mtoto amekula kamba, akavimba na kutapika. Amekula uduvi, akabanwa kifua. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Basi kuanzia leo asile kamba, uduvi, kaa wala kambakoche. Mpeleke kwa tabibu na daftari lako. Mwombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huko daktari ataamua kama damu ipimwe, na ipimwe kwa ajili ya nini. Damu inaweza kusaidia kuthibitisha kwamba ni kamba kweli. Fedha ya ndoo mbili itumike kwa nauli hiyo.

Mrudishie mtoto mayai na maziwa, kama alikuwa akivila vizuri tangu zamani. Samaki pia, kama hawajawahi kumdhuru. Samaki wake apikwe katika chungu safi. Asikaangwe katika mafuta yaliyokwisha kukaangia kamba. Ana miaka 9, anakua. Anahitaji vyakula vya kujenga mwili.

Wazee wetu waliweka miiko, na mama mkwe wako usimdharau. Mwambie hivi: "Mama, wewe umesema asile, na daktari amesema asile. Sote tumekubaliana. Basi tusaidiane, hata uduvi wa kuonja usitiwe katika mboga yake." Bibi akishakuwa mlinzi wa mjukuu, mtoto atakuwa salama nyumba zote mbili.

Mwalimu wake naye aelezwe, na wenzake wanaokula naye waelezwe. Watu wengi wenye mzio wa kamba hukaa nao maisha yote. Kwa hiyo mtoto mwenyewe afundishwe kuuliza kabla ya kula: "Humu mna kamba? Humu mna uduvi?" Si aibu kuuliza.

Swali lako la pili: Uache biashara? Sioni sababu ya kuiacha sasa. Lakini ibadilishe. Kamba wachemshwe nje, mbali na nyumba, mahali ambapo upepo hauleti mvuke ndani. Mvuke wa kamba na vumbi la kamba wakavu huweza kubana kifua cha mwenye mzio. Mtoto huyu asichambue kamba, asibebe ndoo, asilale chumba chenye magunia yao. Wewe ukimaliza kazi, nawa kwa sabuni na ubadili kanga kabla ya kumshika. Tenga sufuria na mwiko wa kamba, na uvitie alama. Kama hata hivyo kifua chake kinabana unapochemsha, mweleze daktari, na kazi ile ifanyike kwa jirani au katika kikundi cha akina mama.

Kamba amewasomesha watoto wengi wa delta. Anaweza kumsomesha na huyu, bila kuingia kinywani mwake.

YA KUKUMBUKA

1. Mzio wa kamba ni ugonjwa wa mwili. Si pepo.
2. Moto haumwondolei kamba madhara kwa mwenye mzio.
3. Habari ya mgonjwa hutangulia, kipimo cha damu hufuata.
4. Namba ya damu haionyeshi ukali wa mzio.
5. Usimkataze mtoto chakula ambacho hakijamdhuru.
6. Dawa ya hatari ni adrenalini, na ngoja ngoja huua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chenu yuko mtu anayedhurika na chakula fulani? Watu husema sababu ni nini?
2. Kwa nini damu inaweza kusema mtu ana mzio, na yeye anakula kamba bila shida?
3. Zahanati yenu ina adrenalini? Nani katika kikundi atakwenda kuuliza, na siku gani?
4. Mgonjwa akizidiwa usiku, atapelekwa kwa chombo gani?

Mkimaliza kuzungumza, niandikieni. Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya viwavi wa mahindi, na jinsi ya kuwatambua mapema kabla hawajamaliza majani.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba